Friza ya Itetemia Iliyotaka Kumrudisha Mkwe Kwao

Vijana wangu mnaoshika bisibisi, nawasalimu kwa salamu ya amani, na asiyeitikia kwa Kiarabu aitikie kwa lugha ya kwao, Mungu anazisikia zote. Namshukuru Yeye aliyenipa zaidi ya miaka arobaini ya kutengeneza friji katika mji huu wa Tabora, kisha akaniachia vidole vyangu vyote kumi. Wenzangu wawili niliojifunza nao kazi wana vidole tisa kila mmoja. Feni haina huruma.

Nimeombwa niwaeleze jinsi ya kuitambua sensa mbovu kwenye friza ya nyumbani. Sensa ni kidude kidogo, ukubwa wa punje ya hindi, kimevikwa plastiki na kina waya mbili. Kazi yake ni kuiambia bodi, yaani kile kibao cha umeme kinachoiongoza friza, kwamba ndani kuna baridi kiasi gani. Bodi haina macho wala mikono. Inachoambiwa na sensa ndicho inachokiamini, na ikiambiwa baridi imetosha, inaizima kompresa hata kama humo ndani nyama inachuruzika. Hilo ndilo somo lenyewe, na ningeweza kuishia hapa mkaenda zenu. Lakini nitakuwa nimeficha sehemu inayonihusu mimi, kwa sababu sensa moja ilikaribia kuvunja ndoa ya watu kule Itetemia, na shahidi mkuu wa mashtaka nilikuwa mimi.

Mwenye friza alikuwa Bi Mwasiti, mjane, mtu wa heshima zake, na mtani wangu. Yeye Mnyamwezi wa hapahapa. Mimi nimezaliwa hapa mjini, mtaa wa Ng'ambo, lakini asili yetu ni Wazaramo. Babu wa baba yangu alifika na msafara kutoka pwani. Sisi nyumbani tunasema aliupenda mji akabaki. Bi Mwasiti anasema miguu ilimvimba, wenzake wakamwacha chini ya mzigo wake, na Wanyamwezi wakamwokota kwa huruma. Kila nikienda kwake, kabla ya salamu huniuliza kama miguu imepona. Nami humwambia kwamba mzigo ule alikuwa anaubeba babu yake, babu yangu alikuwa anamhesabia hatua tu. Ndivyo tulivyoishi miaka yote. Mmoja wetu akifiwa, mwingine anafika na kudai sanda ni fupi, watu wanacheka huku wanalia, na mambo yanakwenda.

Friza yake ilikuwa ya kulala, ile ya kufungua kwa juu, na pale mbele chini ina kioo kidogo kinachoonyesha namba. Ilinunuliwa na mwanawe Idrisa, dereva wa lori la Mpanda. Mke wa Idrisa, Zuhura, binti wa Kiha aliyelelewa Kaliua, alikuwa anaishi na mama mkwe wake, na humo kwenye friza alikuwa anagandisha barafu za ubuyu za kuwauzia watoto wa shule. Kwa hiyo kwenye friza ile kulikuwa na mambo mawili: barafu za Zuhura upande mmoja, na upande mwingine samaki, migebuka ya Kigoma, na kuku wa Bi Mwasiti, aliokuwa anawakusanya kwa ajili ya hitima ya marehemu mume wake.

Siku moja Bi Mwasiti akanipigia simu kwamba vitu vinayeyuka. Ilikuwa Ijumaa. Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo lilipo kosa langu. Mimi nina tabia ya kupenda safu ya mbele msikitini. Si dhambi, ni fadhila. Lakini kutoka Itetemia hadi msikitini kwetu kwa baiskeli si karibu, na saa ilikuwa inakwenda. Nilifika, nikaangalia kioo, namba ikasema kumi na nane chini ya sifuri. Baridi safi kabisa. Sikuweka kipimajoto ndani. Sikugusa hata mgebuka mmoja. Nilibonyeza mpira wa mfuniko kwa kidole gumba, nikatikisa kichwa kama daktari bingwa, nikasema friza ni nzima.

Bi Mwasiti akauliza, kama ni nzima, mbona vitu vinayeyuka. Nami, mkono mmoja tayari uko kwenye baiskeli, nikamjibu kwa utani.

"Mtani, friza inafunguliwa mno. Mkweo anaiinamia kutwa kama anamtafuta Idrisa humo ndani."

Bi Mwasiti akacheka. Zuhura alikuwa uani anafunga maji ya ubuyu kwenye mifuko, sikujua kama amesikia. Nikapanda baiskeli nikawahi safu ya mbele, nikaswali kwa unyenyekevu, na kumbe nimeacha moto nyuma yangu.

Nitawaacha hapo kidogo niwaambie habari za aliyenifundisha kazi, kwa sababu angekuwa hai siku ile angenichapa kwa mpira wa gesi. Fundi Sefu alikuwa na karakana Ng'ambo, chumba kimoja chenye joto kuliko tanuri, na katika joto hilo alikuwa anatengeneza vitu vya baridi. Nilipoanza kwake, friji nyingine za vijijini zilikuwa bado zinatumia mafuta ya taa, unawasha utambi chini na juu barafu inaganda. Nilidhani ni uchawi, nikasoma dua kabla ya kuigusa. Fundi Sefu akaniambia dua ni nzuri, lakini niongeze na kusafisha utambi. Friji za umeme za wakati ule zilikuwa na thamostati ya kuzungusha, yenye kimrija chembamba kama uzi wa gitaa. Kikivunjika unakiona kimevunjika. Ubaya wa kitu cha zamani ni kwamba kinaharibika, na uzuri wake ni kwamba hakidanganyi.

Fundi Sefu alikuwa na sheria moja iliyotuudhi sana sisi wanafunzi wake. Kabla ya kugusa mashine, lazima umuulize anayeitumia. Si mwenye mali, anayeitumia. Mwenye mali anajua bei, alisema, anayeitumia anajua tabia. Niliwahi kumtoroka kwenye sheria hiyo nikiwa kijana, nikafungua friji ya mwalimu mmoja, nikatoa gesi yote na kujaza mpya, siku mbili nzima, kisha mtumishi wa pale nyumbani akaniuliza kwa adabu kama naweza kuirudisha friji mbali na jiko la mkaa, maana tangu ilipohamishiwa pale ndipo ilipoacha kupoza. Ndiyo hivyo. Mtu anaweza kujifunza jambo moja mara mbili.

Turudi Itetemia. Zikapita kama wiki tatu. Bi Mwasiti akanipigia tena, mara hii sauti yake haina mzaha. Akanieleza kwamba tangu niliposema friza inafunguliwa mno, alimkanya Zuhura. Zuhura akasema hafungui zaidi ya mara mbili kwa siku, asubuhi kutia na mchana kutoa. Vitu vikaendelea kuyeyuka. Bi Mwasiti akaifunga friza kwa ufunguo wake, na ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga. Barafu za ubuyu zikakoma. Vitu bado vikayeyuka. Hapo mtu mwingine angesema, basi si Zuhura. Bi Mwasiti alisema, kumbe ana ufunguo wa pili. Kuku wa hitima wakaoza wote, na migebuka ikanuka mpaka kwa majirani. Ameita kikao Jumamosi baada ya adhuhuri. Ameshamwita mjomba wa Zuhura kutoka Kaliua aje amchukue binti yake.

"Na wewe uje, mtani," akasema. "Uje useme mbele ya wazee ulichokisema siku ile. Neno la fundi hawatalipinga."

Jamani! Nikamwambia nilikuwa natania. Bi Mwasiti akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Akasema, sasa ndiyo unatania, huna adabu hata kwenye jambo zito, Jumamosi usichelewe. Akakata simu.

Mnauona mtego niliojitegea? Niliposema utani, ulichukuliwa kuwa ukweli. Nilipokuja kusema ukweli, ukachukuliwa kuwa utani. Nikipiga tena na kuapa, atasema Mzaramo huyu ana kichekesho kirefu leo. Nilipokuwa mtoto chuoni, maalimu alitufundisha kwamba habari ikikufikia, uichunguze kwanza, usije ukawadhuru watu kwa kutojua kisha ukajuta. Niliihifadhi aya hiyo tangu sijaota meno ya ukubwani. Kuihifadhi niliihifadhi. Ningeitumia, nisingekuwa mahali nilipokuwa.

Nilijua maneno hayatanisaidia. Lazima nipate kitu ambacho wazee wataona kwa macho yao wenyewe. Jumamosi asubuhi nikanunua sensa mpya ya aina ileile, nikachukua mita yangu ya umeme, glasi moja, na chupa ya chai niliyoijaza barafu kwa jirani yangu. Nikafika kabla ya mjomba.

Sebuleni walikuwa wamekaa wazee wawili wa mtaa, Bi Mwasiti kwenye kiti kirefu, na Zuhura kwenye mkeka, kanga imeshuka mpaka kwenye nyusi. Mkoba wake ulikuwa mlangoni, umeshafungwa kamba. Idrisa hakuwepo. Lori lilikuwa limemharibikia njia ya Mpanda, na simu yake ilikuwa inapata mtandao pale tu anapopanda juu ya shehena. Kila alipopanda, alisema neno moja, "Msubirini," kisha anapotea. Mjomba alipoingia, mtu mrefu mpole mwenye kofia mkononi, mzee mmoja akaona chupa yangu ya chai, akanyoosha kikombe. Nikammiminia barafu. Akaniangalia sana.

Kikao kikafunguliwa kwa dua. Bi Mwasiti akaeleza mashtaka, kisha akanielekeza kidole, fundi aseme. Nikasimama nikasema kwamba sitasema chochote, friza itasema yenyewe. Nikaomba tuisogeze sebuleni. Wazee wawili, mjomba na mimi tukaisukuma, ikaja katikati ya kikao kama mshtakiwa wa pili.

Bi Mwasiti akaifungua kwa ufunguo wa pindoni, nami nikahakikisha umeme umechomolewa. Hilo msiliruke, wanangu, hata kama mnatazamwa na watu wa heshima. Nikafungua kifuniko kidogo cha plastiki ukutani mwa friza kwa ndani, skrubu mbili tu, nikaivuta sensa itoke kwenye kijumba chake bila kukata waya. Nikarudisha umeme. Nikatia barafu kwenye glasi, nikaongeza maji kidogo, nikakoroga. Hiki ndicho kipimo cha maskini na hakijawahi kunidanganya: maji yenye barafu inayoyeyuka ndani yake yako kwenye sifuri, uwe Tabora au Ulaya. Nikatumbukiza sensa, tukasubiri. Nikamwomba mjomba asome namba kwenye kioo, kwa kuwa yeye ndiye mwenye kudhulumiwa.

Akainama, akavaa miwani. "Kumi na nane," akasema. "Chini ya sifuri."

Nikamuuliza Bi Mwasiti, maji ya baridi kiasi hicho yanakuwaje. Akasema yanakuwa jiwe. Nikampa glasi. Akaitikisa, maji yakacheza. Akaionja, kwa sababu yeye haamini kitu asichokionja. Akasema ni maji tu. Mzee mwenye kikombe akasema labda fundi ameichezea. Watu wa namna hiyo hawakosekani kwenye kikao, na wana faida yake, wanakulazimisha ufanye kazi vizuri.

Nikamwambia Bi Mwasiti afungue kiganja. Nikaifuta sensa, nikaiweka mle, nikamwambia afumbe. Tukangoja kwa muda wa kusoma Yasini nusu, siharakishi tena siku hizi. Mjomba akasoma tena. Kumi na mbili, chini ya sifuri.

Hapo wazee wakasogea kukitazama kioo wenyewe. Nikajua ndipo mahali pa kutumia haki yangu ya utani, maana sasa utani na ukweli vilikuwa vimesimama upande mmoja.

"Mtani, mkono wako una baridi ya kugandisha maji," nikamwambia. "Umekufa tangu lini, na mbona hatukuitwa kuzika?"

Mjomba ndiye aliyeanza kucheka. Kisha wazee. Kisha Bi Mwasiti mwenyewe, huku amekishika kile kidude ngumini kama anayeshika nzige, akakitupa glasini. Akasema, "Kwa hiyo kinasema uongo." Nikasema ndiyo. Kinaiambia bodi kuna baridi kali, bodi inaridhika, inalala. Hata ungeifunga friza kwa minyororo ya gereza.

Sasa yenu, mafundi. Nikazima umeme, nikachomoa kichwa cha waya kwenye bodi, nikaweka mita ipime kizuizi cha umeme, yaani jinsi sensa inavyoubana umeme usipite. Sensa za friza nyingi, kadiri baridi inavyozidi ndivyo namba ya mita inavyopanda, na kadiri joto linavyozidi ndivyo inavyoshuka. Ukiifumbata mkononi, namba ishuke polepole bila kuruka. Ukiitia kwenye barafu, ipande polepole bila kukwama. Tafuta jedwali la aina yake, ulinganishe na namba ya kwenye barafu. Ile ya Bi Mwasiti ilikuwa juu mno kotekote, na nilipoutikisa waya, namba ikaruka kama mbuzi. Nikafuata waya mpaka kwenye kiungio, nikakuta kutu ya kijani, kumbe unyevu uliingia kidogo kidogo. Kutu ile ilikuwa inaongeza kizuizi, na bodi inasoma kizuizi kuwa ni baridi. Kuna siku kutu ilishika vibaya, kuna siku ilishika vizuri, ndiyo maana kuna siku vitu viliganda na kuna siku viliyeyuka. Nikafunga sensa mpya, kiungio nikakilehemu na kukifunika vizuri kisinywe maji tena. Nikawasha umeme, nikaitia ile mpya kwenye glasi. Mjomba akasoma sifuri, kwa sauti ya muadhini.

Nami nikasema lililobaki. Nikawaeleza wazee kwamba siku ile sikupima kitu, nilitania kisha nikaondoka, na kwamba aliyeharibu si Zuhura wala ufunguo wa pili, ni mimi na haraka yangu. Nikamgeukia Zuhura nikamwomba radhi.

Zuhura akaisogeza kanga nyuma.

"Shikamoo, baba," akasema kwanza.

Nikaitikia marahaba, na sijawahi kuona salamu nzito kama ile.

"Wewe na mama mna utani. Mimi Muha. Mimi na wewe hatuna," akasema. "Siku ile nilikuwa palepale uani. Nilijua friza inasema kumi na nane na barafu zangu ni maji. Nilikuwa nimekuwekea moja kwenye bakuli uione. Hukuniuliza."

Fundi Sefu alikuwa kaburini miaka mingi, lakini nilihisi ule mpira wa gesi mgongoni. Bi Mwasiti naye akamwambia, mama, nisamehe. Alimwita mama. Zuhura akasema amesamehe, sote wawili.

Mzee mwenye kikombe akafanya dua ya kufunga, akasema basi mkoba urudishwe ndani. Zuhura akasema hapana. Kamba ameshafunga, mjomba ameshapoteza nauli ya kuja, na yeye hajamwona mama yake tangu aolewe. Anakwenda Kaliua kama alivyoitiwa, ila kwa kuwasalimia wazazi tu. Atarudi akichoka kupumzika. Simu ikalia, Idrisa juu ya shehena, anauliza wameamuaje. Bi Mwasiti akamwambia, "Mkeo anakwenda likizo, na wewe ukirudi utapika," kisha akakata yeye, kabla mtandao haujamkata.

Siku ya treni nilikwenda stesheni kuwaaga. Nilimkuta Bi Mwasiti amebeba mkoba wa Zuhura kichwani, mkono mmoja juu, anapita katikati ya watu. Mjomba alijaribu kumpokea mara mbili, akakataa. Nilikuwa na maneno mazuri sana ya kumwambia kuhusu Wanyamwezi na mizigo, yalishafika kwenye ulimi. Nikayameza. Treni ikaondoka, Zuhura akapunga mkono dirishani, na Bi Mwasiti akabaki amesimama, hajui mikono aiweke wapi.

"Mtani," akaniambia baadaye, "na ile friza ikiyeyusha tena leo, utakuja?"

"Nitakuja," nikamwambia. "Lakini sifungui mfuko wa vyombo mpaka Zuhura arudi nimuulize."

Akasema basi ni bora apige simu Kaliua tangu sasa, aulize binti anarudi lini.